Mikono ya Watu wa Foleni

4 Machi

Mjukuu wangu Kijiti,

Salamu utazikuta mwisho, kwanza nikugombeze. Bahasha imefika imekunjwa katikati kama karatasi ya kufungia karanga, na ndani kuna picha. Nani alikwambia picha zinakunjwa? Yule muuguzi wako amepata mkunjo juu ya pua. Nimemlaza chini ya godoro, leo amenyooka kidogo, ila pua bado.

Basi nimewapanga watu wako mezani kama ulivyosema, mmoja nyuma ya mwenzake, foleni ya kungoja maji. Umesema kitabu hakitakuwa na neno hata moja, mtoto amjue mtu kwa alivyovaa, anavyosimama na alichobeba. Kazi hiyo naielewa. Miaka yote niliyouza mitumba sikumwuliza mteja anafanya kazi gani. Nilitazama viatu, halafu mabega, halafu nikajua nimtolee nguo ipi kutoka chini ya rundo.

Muuguzi nimempenda. Kisigino amekitoa nje ya kiatu amekikalisha juu yake, mtu aliyesimama zamu nzima. Mlinzi naye sawa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi na redio inaning'inia shingoni. Yule mwanamume wa tai nilimkataa. Nikasema huyu karani, anafanya nini kwenye foleni ya maji saa za kazi? Halafu nikaona soli imeachia mdomo, na tai imefungwa vizuri mno. Nikaelewa. Ameachishwa kazi na nyumbani hajasema. Nilimwonea huruma mpaka nikamgeuza kifudifudi nipate kunywa chai yangu.

Yule msichana mchumba wa mtu, hereni hizo kubwa. Haendi mtu kuchota maji na hereni kama sahani, ila kama anataka majirani wazione. Kama ndivyo, mrefushe shingo kidogo. Mwenye kitu kipya sikioni hawezi kukaa na shingo fupi.

Sasa wewe. Ulipoondoka hapa nilikuwa sijui hata herufi ya jina langu, shule niliiona kwa nje tu. Ndipo tukapatana uwe unajichora chini ya kila barua, nijue hali yako bila kumbembeleza mtu anisomee. Mzima, umesimama wima na mkoba begani. Mgonjwa, umejifunga leso kichwani. Umegombana na mtu, umevaa viatu vyekundu. Baadaye ulipokuja kunitembelea ukanifundisha kuandika pale jikoni, kwa mkaa juu ya sakafu, lakini picha hatukuacha. Na mimi hadi leo nakutazama wewe wa chini kabla sijasoma maneno ya juu. Maneno yanapakwa poda.

Safari hii umevaa koti kubwa na mikono yote imo mfukoni. Koti la nani hilo?

Haya, salamu. Mimi mzima. Mke mwenzangu, msalimie mume wetu Dobi. Na mimi nimejichora hapo chini, lile gunia langu lenye macho.

Bibi


15 Machi

Bibi yangu, shikamoo.

Pole kwa pua ya muuguzi. Usinune kwamba barua hii nimeichapa kwa mashine ya jirani, ni kwa haraka tu. Kilichochorwa kwa mkono ni mimi wa chini peke yangu. Koti ni la baridi. Huku baridi imeingia mapema.

Uliyosema kuhusu shingo nimeyafanya, na msichana amekuwa na maringo mpaka nacheka. Foleni nzima mhariri anaitaka kabla Juni haijaisha. Amebaki mtu mmoja, bibi mzee wa mwisho kwenye foleni, na yeye ndiye kitabu chote, kwa sababu ukurasa wa mwisho watu wote wanampisha apite mbele. Nimemchora sijui mara ngapi. Kila mara anatoka mwanamke kijana aliyemwagiwa unga kichwani. Niandikie, wewe unasimamaje kwenye foleni? Na kama una gauni la sokoni unaloweza kulikosa, nitumie nitazame linavyouangukia mwili.

Nimekuona hapo chini umekaa kwenye kigoda. Umekuwa malkia siku hizi, hata kwenye picha husimami. Nimefurahi, upumzike.

Mimi nimechoka kidogo, ni kazi tu. Dobi anakuamkia.

Kijiti


16 Machi

Kwa Mhariri,

Nakuandikia jambo ambalo nyumbani sijamwambia mtu. Mkono wangu wa kulia umekufa ganzi. Ulianza kwenye kidole gumba, sasa vidole vitatu havinisikilizi, na asubuhi kijiko kinanidondoka. Daktari anasema mishipa ya kifundo imebanwa kwa miaka ya kazi. Niupumzishe mwaka mzima, nikiulazimisha huenda usirudi. Nilimwitikia, nikarudi mezani.

Uliniuliza kwa nini watu wote wa foleni wameficha mikono, muuguzi ndani ya mtandio, mlinzi nyuma ya mgongo, mwenye tai mfukoni. Nikakujibu ni mtindo. Si mtindo. Mistari mirefu bado naiweza, naitembeza kwa bega zima. Vidole vya watu siviwezi tena.

Naomba kitabu usimpe mwingine. Watu hawa nimekaa nao muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu, na yeye simwambii, kwa sababu nikimwambia atanifungia kalamu kabatini. Nitamaliza. Niombee tu muda kidogo kwa wakubwa wako.

Mchoraji wako


29 Machi

Kijiti,

Umeniuliza nasimamaje. Sisimami. Mzee hasimami foleni, anaiegemea. Kwanza anatanguliza ndoo, ndoo ndiyo inayosimama. Halafu anatafuta ukuta. Ukuta ukikosekana anatafuta mtu mnene. Mguu mmoja unabeba mwili, mwingine umekuja kusindikiza. Mkono mmoja uko nyuma ya kiuno, si maringo hayo, anaushikilia mgongo usimwache. Na usimjaze mikunjo usoni, wala mvi usimwage. Uzee hauko usoni. Uzee ni namna mtu anavyokitazama kizingiti kabla hajakiruka.

Mkoba wake ufunge kwa pini. Ufunguo wa nyumba autundike shingoni kwa uzi, uingie ndani ya gauni. Ufunguo usiuonyeshe, onyesha uzi. Mtoto atajua mwenyewe kuna kitu.

Gauni nimemkabidhi dereva wa basi, lile la bluu lenye mifuko miwili. Usilifue kabla hujalitazama. Kuhusu kigoda, ni joto tu. Sokoni kuko vilevile, watu wanapekua rundo zima halafu wanaondoka na soksi.

Sasa nisikilize. Umeniletea picha nne mpya na nimewatazama tena watu wako. Muuguzi mikono ndani ya mtandio. Mlinzi mikono nyuma. Wa tai, mfukoni. Msichana wa hereni, ndoo imemficha mpaka kwenye viwiko. Hata mtoto mdogo pale mbele umemvika shati la kaka yake, mikono ya shati inaburuta. Na wewe wa chini, safari ya pili sasa, koti na mifuko. Watu wote hao wameibiwa mikono?

Nakuuliza mara moja tu, kwa sababu mimi si askari. Pete yako iko wapi?

Bibi


11 Aprili

Bibi, shikamoo.

Gauni limefika, ahsante. Mkono nyuma ya kiuno umenisaidia sana, bibi wa foleni ameanza kuzeeka vizuri.

Hakuna kitu, Bibi. Koti ni koti. Nina usingizi ambao haulaliki, basi. Nitakuandikia ndefu nikimaliza.

Kijiti


22 Aprili

Kwako Dobi,

Leo sikuiti mume wetu. Mume wetu alikuwa kijana mmoja aliyekuja hapa kuposa na shati lililopigwa pasi mpaka ungeweza kulivua likabaki limesimama lenyewe linasubiri jibu. Nilimpa mjukuu wangu kwa sababu ya shati lile. Nilisema mtu anayenyoosha kola namna hii hatamkunja mtoto wa watu. Sijui yule kijana kaenda wapi.

Mimi sikusoma lakini si kipofu. Kijiti ananiandikia barua fupi kama risiti, tena za mashine. Anajichora amevaa koti la mtu mwingine, mikono kaizika. Watu anaowachora kitabuni wote wameficha mikono, mpaka watoto. Unajua nani anaficha mkono? Nilikuwa na meza ya mitumba sokoni, walikuja kwangu wanawake wanauza gauni zao za harusi. Wanakuja na mtandio, mkono mmoja ndani. Wanahesabia kwa mkono mwingine. Sikuwahi kuwauliza. Nilijua kidole kiko kitupu na wanaona haya kikionekana na jua.

Basi niambie umefanya nini. Kama umepata mwanamke, mtaje. Kama umemwinulia mkono, andika sentensi moja tu, nitakuja, na nikija usitafute pa kujificha nyuma ya mashuka yako. Kama ni yeye aliyekosa, niandikie pia, nitamgombeza mimi, hiyo ni kazi yangu wala si yako. Lakini usiniache hapa natazama mtoto wangu anazidi kusinyaa kila barua na mimi niko mbali.

Mtoto huyu nimemlea kwa mgongo huu. Alikuwa mwembamba mpaka watu wakaniuliza kama ninamnyima. Alikaa uani anachora watu kwa kijiti kwenye vumbi, mvua ikija anawalilia. Ndiyo nikamwita hilo jina. Sijamlea aje kuficha mikono kwa watu.

Nimemaliza. Hasira imenichosha, na mimi siku hizi nachoka upesi.

Bibi wa mkeo


5 Mei

Bibi, shikamoo. Naipokea barua yako kwa heshima, ingawa imeniunguza kuliko pasi.

Niliisoma pale mezani pa kunyooshea nguo. Nilipoimaliza, suruali ya mwalimu mmoja ilikuwa imepata alama ya pasi gotini. Nilikasirika, sitakuficha. Halafu nikaisoma tena, na hasira ikaondoka, kwa sababu swali lako ndilo nililokuwa nalo mimi.

Bibi, shuka halikunjwi na mtu mmoja likakaa vizuri. Tangu tulipooana, jioni nikimaliza kazi, Kijiti anakuja kushika ncha mbili na mimi nashika mbili. Tunavuta, tunatembea kukutana katikati, ananipa ncha zake, na kila tukikutana lazima aniambie kitu cha kipuuzi. Ndiyo mazungumzo yetu, mengine hatuna muda. Kuanzia mwishoni mwa mwaka jana akaacha kuja. Leo amechoka, kesho ana kazi. Nikaanza kuyakunja peke yangu, ncha moja nimeikanyaga kwa mguu. Kola yangu alikuwa ananifunga kifungo asubuhi, akaacha. Pete nikaiona haipo. Sikuuliza. Niliogopa kuuliza nikajibiwa. Nilijua tu nimechokwa.

Ilipofika barua yako, sikujua nianzie wapi. Mimi si mtu wa maneno. Jioni ile nilichukua shuka kubwa la kitanda cha watu wawili nikampelekea mezani kwake. Nilimpa ncha zake mbili. Alishika moja kwa mkono wa kushoto. Nyingine akaibana kidevuni. Nikavuta kidogo tu, kama tulivyozoea, shuka likaanguka lote. Akaketi chini juu yake, akalia na koti lake.

Akanionyesha mkono. Bibi, umevimba kifundoni na vidole vitatu havina habari. Pete aliivua kwa sababu ya uvimbe, ilikuwa ndani ya kopo la vifungo ninavyookota kwenye mifuko ya wateja. Daktari alimwambia tangu zamani aupumzishe, yeye akaendelea. Anaogopa akisema, kitabu kitapewa mtu mwingine. Mikono ya watu wake anaificha kwa sababu hawezi kuichora. Ndiyo hivyo tu. Hakuna mwanamke, wala kofi. Anachapa barua zako kwa kidole kimoja cha kushoto, na wewe unaziita risiti. Samahani, hilo nimelisema kwa hasira iliyobaki.

Amenikataza nisikwambie. Nimekwambia.

Sasa na mimi nina swali, na naliuliza kama dobi. Gauni lako la bluu lilikaa kwenye kiti chake, mwisho akanipa nilifue. Nguo ya mtu wa sokoni huliwa kwenye upindo, kwa vumbi na matope, na mabegani kwa mzigo. Hili limeliwa makalioni mpaka uzi unaonekana, na kiwiko cha kulia, pale mtu anapoegemea mkono wa kiti. Upindo hauna hata doa, na huko kwenu mvua zinanyesha. Kijiti anasema umejichora umekaa kila barua, naye alicheka.

Bibi, ni lini mara ya mwisho ulifika sokoni?

Mume wenu, kama bado naitwa hivyo,
Dobi


16 Mei

Kijiti wangu,

Nimemtukana mume wako bure. Mwambie sasa hivi kabla hujasoma mbele, halafu rudi. Mwambie ni mume wetu, tena zaidi ya zamani, na ile suruali ya mwalimu isamehewe.

Niliona mikono imefichwa, nikajua sababu. Jicho liliona sawa, kichwa kikakimbilia sokoni kwangu kutafuta jibu, kikarudi na la mtu mwingine. Umri huu na bado.

Haya, amenipata na mimi. Niliteleza hapo kizingitini mvua za vuli zilizopita, nikaangukia nyonga. Sikuvunjika, nadhani. Kusimama nasimama, lakini si kwa muda wa kumaliza kusema jambo. Meza nimempa yule mama jirani muuza mkaa aendeleze, na maji ananiletea yeye. Foleni niliyokueleza ni ya kukumbuka. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi ukaja, na wewe hukuniambia kwa sababu nisingelala. Wote wawili tumekaa kimya, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na wote wawili hatujalala. Tumepata faida gani?

Ulinicheka nilipokaa kwenye kigoda. Sikukasirika. Nilitaka uone. Halafu nilitaka usione. Sijui nilitaka nini, nilichora tu nilivyo, nikaacha.

Sasa ya maana. Mwambie mhariri leo kwamba mkono umekataa na unaupumzisha. Usimwombe muda. Muda ulishaombwa na daktari. Najua unawapenda watu wako. Najua yule wa tai ukimwacha utaona kama umemwachisha kazi mara ya pili. Lakini mkono ukifa, hakuna mhariri atakayefungua droo akakupa mwingine. Kitabu kiende. Mimi nilizaa wanne, nimebaki na wewe, mtoto wa mtoto. Najua kipi kinarudi na kipi hakirudi.

Na sikiliza, sitaki tena koti. Barua ijayo ujichore mikono iko nje. Chora kwa kushoto, chora kwa mdomo, chora kwa mguu kama huna pengine. Ikitoka mibaya, iwe mibaya. Nakutaka na mikono.

Bibi


12 Juni

Bibi, shikamoo.

Anayeandika ni Dobi, anayesema ni mimi. Nimemwambia asiongeze lake. (Siongezi. Dobi.)

Nimemwambia mhariri. Nilikuwa nimemwandikia tangu Machi, lakini barua ile sikuwahi kuituma. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi, nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Alisema alishaona kwenye mistari, inatetemeka pale inapotakiwa kugeuka. Wakubwa wake hawangoji mwaka mzima. Kurasa zilizobaki amepewa mchoraji mwingine, mtu mmoja mpole, nimemwona. Alikuja nyumbani kuwachukua watu wangu. Atawatengenezea mikono. Nilimwelekeza kwa mdomo. Nikamwambia mikono ya muuguzi inanuka sabuni, akaniangalia kama nimechanganyikiwa, halafu akaandika. Nikamwambia mwenye tai asimtoe mikono mfukoni. Yeye peke yake aachwe alivyo, hakuwa anaficha mikono kwa ajili yangu.

(Hapa nimepiga pasi shati zima nikimngoja aendelee.)

Walipoondoka meza ilikuwa tupu, nikaifuta vumbi, nikakaa. Sikulia. Nilikuwa nimechoka hata kwa hilo. Kwenye jalada wataandika kwamba watu wa foleni nimewabuni mimi na wamemaliziwa na mwingine. Ni haki. Sitasema sijaumia.

Ila bibi wa mwisho sikumpa. Yule mchoraji alimtaka, mhariri pia akamtaka kwa simu, kitabu hakiishi bila yeye. Nikasema wamchore bibi yao, mabibi ni wengi. Huyu ana mkono nyuma ya kiuno na uzi shingoni, na sasa ana kigoda, kwa sababu nimejua kosa langu lilikuwa wapi. Nilikuwa namsimamisha. Atakaa kwangu mpaka mkono uamke, na usipoamka atakaa hivyohivyo.

Daktari anasema tungoje. Vidole vinaanza kuwasha, anasema huenda ni dalili njema. Huenda, alisema. Nimelibeba hilo neno mpaka nyumbani.

Jioni tunakunja mashuka. Nashika kwa kushoto na kwa kiwiko. Yanatoka yamepinda, wateja hawajasema kitu. (Mmoja amesema. Nimemwambia akunje ya kwake.)

Mvua zikikatika Dobi atakuja kukuchukua, ukae kwetu na nyonga ikatazamwe. Usibishe, ameshaosha lile gauni la bluu na kulitia kiraka makalioni. Anasema ulivae njiani.

Nimejichora hapo chini kwa mkono wa kushoto. Imenichukua jioni nzima. Usicheke.

Kijiti


25 Juni

Mke mwenzangu,

Nimecheka. Umeniambia nisicheke, sasa ungetaka nifanye nini? Kichwa kama kiazi. Mguu mmoja umefika chini, mwingine bado uko njiani. Mkoba haujulikani umeuvaa au unakukimbiza. Nilicheka mpaka mama jirani akaja kutazama kama nimeanguka tena, nikamwonyesha, naye akacheka, halafu akaniona mimi nafuta macho, akaenda kuchemsha chai.

Nimeibandika hapo juu ya meza, mahali walipokaa watu wa foleni. Kila anayeingia ananiuliza mtoto gani kachora. Nasema mjukuu wangu, yule mwenye vitabu. Wanatazama, wanaona haya kusema. Nawaambia semeni tu, picha mbaya. Lakini hebu tazameni mikono. Imetoka nje yote miwili, imekunjuliwa, mikubwa kama majani ya mgomba, na pete umeichora ingawa ipo kwenye mkono usio wake.

Kitabu kimekwenda. Sitakwambia si kitu. Nilipoiacha meza yangu ya sokoni na kumpa mtu, nilikaa siku hizo zote nasikia watu wanapekua nguo zangu. Na wewe utawasikia wale watu wako. Wasikie, halafu lala.

Bibi yule umefanya vyema kumzuia. Kigodani amekaa, si amekaa? Basi ana subira.

Dobi aje. Lakini mwambie asinibebe mbele ya majirani. Nitatembea mpaka kwenye kona, na tukishapita kona, ndiyo anibebe. Gauni la kiraka nitalivaa, nani atatazama makalio ya bibi.

Mimi nimejichora hapo chini, nimekaa, na safari hii nimeweka mkongojo, kwa kuwa ninao. Umeuona?

Kitu kimoja nilitaka kusahau. Nilihesabu vidole vyako. Mkono wa kulia umeweka sita. Mama jirani aliniambia nikurudishie ukifute. Nimemkatalia. Kiache kilivyo, Kijiti. Hicho ni cha akiba.

Bibi yako, niliyekaa